Sukari ya Amana: Familia za Watu wa Kawaida na Imani katika Wema wa Binadamu katika Filamu Nne

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna filamu zinazosimulia maisha ya familia nyofu za watu wa kawaida zinavyomjengea mtazamaji imani katika wema wa binadamu. Filamu inayochambuliwa kwa kina ni Children of Heaven (Iran, 1997) ya Majid Majidi. Nyingine tatu, yaani Bicycle Thieves (Italia, 1948) ya Vittorio De Sica, Queen of Katwe (2016) ya Mira Nair na Supa Modo (Kenya, 2018) ya Likarion Wainaina, zinatumika kuipima hoja. Inadaiwa kwamba imani hiyo haizaliwi na thawabu anayopewa mwema mwishoni mwa kisa. Huzaliwa na gharama anayoilipa njiani, hasa pale ambapo hakuna anayeiona isipokuwa mtazamaji. Dai hili linagusa moja kwa moja vigezo vinavyotumiwa kukagua na kufadhili filamu katika ukanda wa Afrika Mashariki.

Utangulizi

Katika mijadala ya sera za filamu Afrika Mashariki, neno maadili halikosi kutajwa. Bodi za filamu za Kenya na Tanzania zimepewa na sheria jukumu la kukagua filamu na kuziweka katika madaraja ya umri, na maadili ya jamii ni miongoni mwa mambo ambayo bodi hizo hujieleza kuwa zinayalinda. Hakuna ubaya katika hilo. Tatizo ni kwamba nyuma ya kigezo hicho kuna nadharia ya upokezi ambayo haisemwi waziwazi na kwa hiyo haipimwi. Nadharia hiyo husema kwamba mtazamaji huuamini wema anapouona ukituzwa, na huuogopa uovu anapouona ukiadhibiwa. Kwa mtazamo huo, filamu njema kwa familia ni ile ambayo mwisho wake unawagawia watu wote haki yao.

Nadharia hii ina nasaba ya heshima katika fasihi ya Kiswahili. Ngano zetu nyingi hufunga hesabu kabla ya kumruhusu msikilizaji akalale. Katika Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert, majina yenyewe ni hukumu: Adili ni mwadilifu, na ndugu zake Hasidi na Mwivu hugeuzwa manyani kwa sababu ya waliyomtendea. Msomaji haachwi na shaka juu ya nani yuko upande gani. Filamu za video za Tanzania zilizoenea tangu miaka ya mwanzo ya 2000 zilirithi mengi kutoka katika hazina hii, na si ajabu kwamba wakaguzi na watazamaji wanaizoea lugha yake.

Hata hivyo, hekima hiyohiyo ya Waswahili ina methali isiyokaa vizuri ndani ya nadharia ya thawabu: tenda wema nenda zako. Methali hii haimwahidi mtenda wema chochote. Inamwambia aondoke, tena kabla ya shukrani kumfikia. Kati ya Adili anayerudishiwa haki yake na mtu huyu asiye na jina anayekwenda zake kuna njia mbili tofauti za kuusadikisha wema. Makala haya yanashughulikia ile ya pili, kwa sababu ndiyo inayosahaulika pale maombi ya fedha za filamu yanaposomwa na miswada inapokaguliwa.

Sukari ya msikitini

Children of Heaven ni kisa cha jozi moja ya viatu. Ali, mtoto wa familia maskini katika mtaa wa kusini mwa Tehran, anapeleka viatu vya dada yake Zahra kwa fundi. Akiwa njiani kurudi anaviweka chini kwenye duka la mboga ili achague viazi, na mkusanya taka anavichukua pasipo kujua. Nyumbani kodi ina miezi kadhaa haijalipwa, mama ni mgonjwa, baba ana deni dukani. Ali anamsihi dada yake asiseme. Kuanzia hapo watoto hao wanatumia raba moja ya Ali kwa zamu: Zahra anaivaa asubuhi kwenda shule, kisha anakimbia vichochoroni hadi mahali ambapo Ali anamngoja ili naye akimbilie masomo ya mchana.

Mambo ya msingi ya filamu hii yanatangulizwa mapema katika tukio ambalo mtazamaji mwenye haraka anaweza kulipita. Baba ameketi sakafuni akivunja mabonge ya sukari kuwa vipande vidogo. Sukari hiyo ni ya msikiti. Amepewa aitayarishe kwa ajili ya chai ya waumini. Zahra anamletea baba chai. Baba anaomba sukari. Mtoto anashangaa, kwa kuwa sukari imejaa mbele yake. Baba anamweleza kwamba hiyo si yao. Hakuna muziki unaopanda, hakuna uso unaosogezwa karibu ili mtazamaji aambiwe kwamba hapa pana funzo. Kazi ya kuvunja sukari inaendelea.

Kifarsi kina neno amanat, ambalo kama amana ya Kiswahili lina asili ya Kiarabu, na msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu ili alielewe tukio hili. Amana ni mali iliyo mkononi mwako bila kuwa yako. Uzito wake hautegemei thamani yake. Kipande kimoja cha sukari kisingemfilisi mtu yeyote, wala kisingeonekana kimepungua. Ndiyo maana kinatosha kuwa kipimo. Laiti Majidi angemwonyesha baba akikataa rushwa kubwa, mtazamaji angestaajabu na kujitenga naye, kwani watu wengi hawajawahi kuahidiwa rushwa kubwa. Lakini hakuna mtu mzima ambaye hajawahi kuwa peke yake na kitu kidogo cha watu wengine. Mtazamaji anajipima kabla hajajua kwamba anapimwa.

Jambo la pili ni kwamba tukio hilo halilipwi. Filamu haiirudii sukari. Msikiti hauambiwi, imamu haji kushukuru, mwenye nyumba hasamehi kodi. Uaminifu wa baba unapita mbele ya macho ya watoto wake, nao wanaendelea na shida yao. Kinachobaki ni mfano ambao haukukusudiwa kuwa mfano, na baadaye tunauona ukifanya kazi katika tukio lililo bora kuliko yote katika filamu.

Siku moja Zahra anaviona viatu vyake miguuni mwa mwanafunzi mwenzake, Roya. Anamfuata hadi anapajua kwao, kisha anakwenda kumwita Ali ili wavidai. Wawili hao wanajificha mahali wanapoweza kuuona mlango. Roya anatoka akiwa ameongozana na baba yake, na baba huyo ni kipofu. Ali na Zahra wanatazamana. Wanageuka na kurudi nyumbani bila kusema neno. Filamu haitoi sababu yao kwa maneno; haihitaji kufanya hivyo. Viatu ni vyao kwa haki zote, na haki hiyo wanaiacha pale ukutani. Roya hatajua kamwe kwamba kulikuwa na watu wawili waliokuja kuvichukua. Baadaye Zahra anapoangusha kalamu ya thamani aliyopewa na kaka yake, Roya anaiokota na kumrudishia. Huyu si mtu anayelipa fadhila, maana hajui kuna fadhila. Yeye pia ana amana yake mwenyewe. Majidi anaonyesha hapa, pasipo kuhubiri, kwamba uaminifu si mali ya familia moja teule. Umetawanyika mtaani na watu hawajuani nao.

Yafaa kutazama pia kwamba familia hii nyofu ina uongo ndani yake. Ali na Zahra wanawaficha wazazi. Wanaandikiana maneno kwenye madaftari huku baba ameketi karibu, na Ali anamhonga dada yake kwa penseli ili anyamaze. Mkaguzi anayeshikilia orodha ya makosa angeweza kusema kwamba watoto hapa wanafundishwa kuwadanganya wakubwa zao. Lakini siri hiyo ina chanzo chake: Ali anajua kwamba baba hana fedha za kununua viatu vingine, na kwamba akiambiwa atalazimika kuingia deni jipya. Mtoto anabeba mzigo ili mzazi asiubebe. Unyofu wa familia katika sanaa nzuri si ukosefu wa dosari. Ni mwelekeo ambao dosari zenyewe zinaufuata.

Kilele cha filamu kinaichukua nadharia ya thawabu na kuipindua kwa namna ya kuchekesha na kuumiza kwa pamoja. Ali anaingia katika mashindano ya mbio za shule kwa sababu zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya raba, ambayo amepanga kuibadilisha dukani apate viatu vya kike. Anahitaji kuwa wa tatu. Anakimbia, anaanguka, anainuka, na katika msukosuko wa mwisho anamaliza wa kwanza. Walimu wanambeba, wapiga picha wanamtaka ainue uso, naye analia. Katika filamu ya kawaida ushindi ndio malipo. Hapa ushindi umemnyang'anya malipo.

Majidi hakumwacha mtazamaji mikono mitupu. Kabla ya Ali kufika nyumbani tunaiona baiskeli ya baba, na juu yake kuna viatu vipya vya watoto wote wawili. Lakini watoto hawajui. Ali anaketi kando ya kidimbwi cha uani, anavua raba iliyopasuka na kutumbukiza miguu yenye malengelenge majini, na samaki wanaizunguka. Filamu inaishia hapo. Furaha ipo njiani lakini ndani ya fremu bado kuna mtoto anayeamini kwamba ameshindwa. Ujuzi tulio nao sisi na asio nao yeye ndio unaotufanya tumtakie mema. Mwisho wa Adili na Nduguze unamtuliza msomaji. Mwisho huu unamwachia kazi.

Si kila kitu katika filamu hii kinastahili sifa sawa. Safari ya Ali na baba yake kwenda kaskazini mwa Tehran kutafuta kazi ya bustani ni tamu na ina ucheshi wake, hasa baba anapobabaika mbele ya kengele zenye sauti za watu asiowaona na mtoto akalazimika kusema kwa niaba yake. Lakini ajali ya baiskeli iliyokatika breki mara tu baada ya fedha kupatikana inanukia mkono wa mwandishi. Samaki wa mwisho nao wanakaribia mno mahubiri ambayo tukio la sukari liliyaepuka.

Pingamizi la umaskini mtulivu

Kuna pingamizi zito zaidi ambalo haliwezi kupitwa. Baadhi ya wahakiki wameziona filamu za namna hii kuwa zinawapendelea wenye nguvu. Maskini wa Majidi hawalalamiki. Wanaliona jumba la tajiri wa kaskazini, wanapalilia bustani yake, wanashukuru na kurudi kwao. Je, tumaini hili si dawa ya usingizi? Je, dola haifurahi kuona raia wake wanaridhika na chai isiyo na sukari?

Pingamizi hili lina ukweli, nalo linatumika pia kwa filamu zetu. Lakini likichukuliwa zima linadai kwamba wema wa maskini hauwezi kuonyeshwa mpaka kwanza waonyeshwe wakiasi, jambo ambalo ni aina nyingine ya kuwapangia cha kufanya. Jibu bora halipatikani kwa hoja bali kwa kulinganisha. Roma ya 1948 inalitoa.

Mtu mwaminifu anapoiba

Katika Bicycle Thieves, iliyoandikwa kwa mchango mkubwa wa Cesare Zavattini, Antonio Ricci anapata kazi ya kubandika matangazo baada ya kukaa muda mrefu bila ajira. Sharti la kazi ni baiskeli, na baiskeli yake iko rehani. Mkewe Maria anavua mashuka kitandani na kuyaweka rehani ili baiskeli ikombolewe. Kwenye duka la rehani kamera inamfuata mtumishi anayepanda rafu kwenda kuyaweka mashuka hayo, na kila rafu imejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Katika picha hiyo moja umaskini wa nyumba moja unakuwa umaskini wa mji mzima, na mtu hawezi tena kusema kwamba anatazama kisa cha watu wachache wenye bahati mbaya. De Sica hakuhitaji hotuba ili aishitaki hali hiyo.

Siku ya kwanza ya kazi baiskeli inaibwa. Antonio na mwanawe Bruno wanaitafuta Roma nzima, na katika kutafuta huko unyofu wa Antonio unachakaa mbele yetu. Anamsukasuka mzee kanisani, anampiga kofi mtoto wake, na mwishowe anaiba baiskeli iliyoegeshwa ukutani. Anakamatwa papo hapo na umati unamzonga. Bruno anaona kila kitu.

Hapa ndipo filamu inapojenga imani yake, tena katika mahali pasipotarajiwa. Mwenye baiskeli anamwangalia mtoto na kuamua kutomshitaki baba. Hajui lolote juu ya Antonio. Anachokiona ni mtoto anayelia akiwa ameshika kofia ya baba yake. Kisha katika msongamano wa watu wanaotembea, Bruno anaushika mkono wa Antonio. Baiskeli haijapatikana, na kazi bila shaka imepotea. Mtazamaji anayetoka katika filamu hii akiwa bado anaamini katika binadamu hakupewa sababu hata moja ya kimaslahi ya kufanya hivyo. Amepewa mkono wa mtoto tu.

Watunga sera wa Italia hawakuridhika na aina hii ya tumaini. Giulio Andreotti, aliyekuwa naibu waziri mwenye dhamana ya burudani, alisimamia sheria ya 1949 iliyosaidia uzalishaji wa filamu za ndani na wakati huohuo kuipa serikali nafasi ya kuchuja miswada iliyoomba mikopo. Mwaka 1952 alimkosoa De Sica hadharani kwa ajili ya Umberto D., filamu kuhusu mzee mstaafu na mbwa wake, akiona kwamba kazi za namna hiyo zinaipaka nchi matope na kwamba mwongozaji alipaswa kuonyesha matumaini yenye afya zaidi. Lawama hiyo inafaa kusomwa na kila bodi ya filamu katika ukanda huu. Andreotti hakuwa mtu asiyejali sinema. Alitaka filamu za matumaini. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba matumaini ni rangi inayopakwa juu ya kisa, na kwa hiyo hakuyatambua yalipokuwa mbele yake.

Kitambaa cha Katwe, uongo wa Maweni

Hoja hii ikiletwa nyumbani inakutana na filamu mbili za ukanda wetu zenye tabia tofauti. Queen of Katwe, iliyotayarishwa na Disney, inamfuata Phiona Mutesi, binti wa Katwe jijini Kampala aliyepata sifa katika mchezo wa sataranji. Ni filamu yenye nguvu nyingi, na uigizaji wa Lupita Nyong'o katika nafasi ya mama, Nakku Harriet, unaibeba hadi mwisho. Lakini msuko wake ni wa ushindi, na nyumba ambayo mama anaipata mwishoni inafunga hesabu zote. Mtazamaji anaondoka akiamini katika kipaji, na kipaji si wema. Mtoto wa Katwe asiyejua sataranji hana nafasi katika tumaini hilo.

Ndani ya filamu hiyohiyo, hata hivyo, kuna tukio dogo linalokaa karibu na mashuka ya Maria. Harriet anauza kitambaa alichorithi kwa mama yake ili apate mafuta ya taa, binti yake apate mwanga wa kusomea usiku. Hakuna kombe linaloweza kumrudishia kitambaa hicho. Ni vigumu kutofikiri kwamba katika dakika hizo chache filamu ya Nair ni kubwa kuliko kisa kilichoibeba.

Supa Modo ni kesi ngumu zaidi, na kwa hiyo yenye manufaa zaidi. Jo ni msichana wa miaka tisa mwenye ugonjwa usio na tiba. Mama yake, Kathryn, ambaye ni mkunga, anamtoa hospitalini na kumrudisha kijijini Maweni ili amalizie siku zake nyumbani. Jo anapenda mashujaa wa sinema. Dada yake Mwix anaanza kumfanya aamini kwamba naye ana nguvu za ajabu, na hatua kwa hatua anawaingiza wanakijiji katika mchezo huo mpaka kijiji kizima kinaigiza kwa ajili ya mtoto mmoja. Mwishowe wanatengeneza filamu ambayo yeye ndiye shujaa wake.

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi, na kwa kipimo hicho Maweni imepotea njia. Wema wote wa filamu hii unasimama juu ya udanganyifu. Anayelitambua hilo ni mama. Kathryn anaupinga mchezo, si kwa ukali wa moyo bali kwa sababu anataka kuwa na binti yake katika ukweli wa muda uliobaki. Wainaina anastahili heshima kwa kumpa mama hoja nzito kiasi kwamba mtazamaji hawezi kumpuuza. Filamu dhaifu ingemfanya kuwa kizuizi cha furaha. Hapa mapenzi mawili yanashindana, moja linalosema kweli na moja linalotunga, na filamu inadokeza kwamba Jo mwenyewe anaelewa zaidi ya wanavyodhani wakubwa. Akielewa, basi mchezo si uongo tena. Ni zawadi ambayo mpokeaji anakubali kuipokea huku akijua imetengenezwa na nini.

Gharama iko wapi? Kwa wanakijiji iko katika muda na katika kukubali kuonekana wajinga, watu wazima wanaojiangusha mchana kweupe ili mtoto acheke. Ni gharama ndogo, ya kiwango cha kipande cha sukari. Mtazamaji wa Afrika Mashariki anaitambua, maana ni gharama ileile inayolipwa kwenye matanga na kwenye arusi, ambako watu huacha shughuli zao bila kuandikiwa hundi. Pia anautambua ukumbi wa video wa kijijini na mwendeshaji wake, Mike, anayezisimulia filamu kwa lugha ya watazamaji wake. Wasimulizi wa namna hii wamewahudumia watu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa miaka mingi, na ni haki kwamba filamu inayohusu wema wa watu wa kawaida imempa mmoja wao nafasi.

Udhaifu wa Supa Modo ni kwamba kijiji kinakubali upesi mno. Mtu mmoja mchoyo, au mmoja aliyechoka tu, angeufanya ukarimu wa wengine uonekane kuwa uamuzi. Maweni inapokuwa njema yote kwa pamoja, wema wake unaanza kufanana na hali ya hewa.

Nani hulipia wema

Children of Heaven ilitayarishwa na Taasisi ya Kukuza Akili za Watoto na Vijana ya Tehran, maarufu kwa jina la Kanoon, iliyoanzishwa mwaka 1965. Ilianza na maktaba za watoto. Kitengo chake cha filamu, ambacho Abbas Kiarostami alishiriki kukiasisi, kilitoa Bread and Alley mwaka 1970, filamu fupi ya mvulana aliyebeba mkate na kumwogopa mbwa kichochoroni. Taasisi hiyo ilivuka mapinduzi ya 1979 ikiwa hai, na mwaka 1987 ikatoa Where Is the Friend's House? ya Kiarostami, ambayo kisa chake ni mtoto anayetafuta nyumba ya mwenzake ili amrudishie daftari alilolichukua kwa makosa. Kwa mara nyingine ni amana. Mwaka 1999 Children of Heaven ikawa filamu ya kwanza ya Iran kuwa miongoni mwa zilizowania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni.

Udhibiti wa filamu nchini Iran ni mkali, na hakuna anayependekeza uigwe. Kinachofaa kuangaliwa ni mpangilio wa taasisi: fedha za umma zilizotengwa kwa ajili ya watoto, zikawekwa mikononi mwa waongozaji wenye uwezo, na kazi ikafanyika kwa miongo mitatu kabla ya matunda yake kujulikana duniani. Taasisi hiyo haikununua funzo la filamu moja moja. Ilinunua muda wa watu wanaojua kutazama.

Ukanda wa Afrika Mashariki hauna chombo cha namna hiyo. Supa Modo, filamu ambayo Kenya iliichagua kuiwakilisha katika mchujo wa Oscar, ilizaliwa katika mradi wa One Fine Day Films ya Ujerumani kwa kushirikiana na Ginger Ink ya Nairobi. Soul Boy (2010) na Nairobi Half Life (2012) zilitoka katika mradi huohuo. Ushirikiano huo umetoa kazi nzuri na mafunzo ya kweli, na hakuna sababu ya kuubeza. Hata hivyo, anayelipa ndiye anayesoma mswada wa kwanza, na ni jambo la kufikirisha kwamba wema wa kijiji kinachozungumza Kiswahili umelazimika kupata wafadhili wake wa kwanza Berlin.

Kwamba hadhira ipo, hilo lilishaonekana. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Doudou na Mama Wakwe Zake, kuhusu mke kijana wa Beijing na vurugu za kawaida za ukoo wa mumewe. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Watu waliokuwa hawajawahi kufika Beijing walimfuatilia mkaza mwana anayejaribu kuwatendea haki wakwe wawili kwa wakati mmoja. Serikali ya China ilielewa thamani ya jambo hilo mapema kuliko vituo vyetu vya televisheni.

Kwa bodi za filamu na mifuko inayofikiriwa kuanzishwa, suala la kiutendaji ni swali lipi liandikwe kwenye fomu. Swali la kama mwovu ameadhibiwa linajibika kwa urahisi, na kwa sababu hiyo linapendwa. Linaweza kuikubali filamu ambayo ndani yake hakuna mtu hata mmoja anayepoteza chochote kwa kuwa mwema, na kuikataa Bicycle Thieves, ambayo shujaa wake ni mwizi na mwizi wa kwanza hakamatwi kamwe. Swali la nani analipa nini, na nani anamwona akilipa, linahitaji msomaji aliyefunzwa. Wasomaji hao wanaweza kupatikana katika idara za fasihi na sanaa za maonyesho za vyuo vikuu vya ukanda huu, ambazo hadi sasa hushirikishwa kwa nadra katika kazi ya ukaguzi.

Hatua ya kwanza haihitaji mfuko wowote. Children of Heaven ina maneno machache. Sehemu kubwa yake ni watoto wanaokimbia. Kuitia sauti za Kiswahili ni kazi ndogo mno ikilinganishwa na tamthilia zenye sehemu nyingi ambazo vituo vyetu tayari vinazitafsiri, na wasimulizi wa mabanda ya video, ambao mara nyingi huonekana kama kero ya hakimiliki, wana ujuzi unaohitajika. Haki za kuionyesha zinaweza kuombwa Tehran kwa njia za kawaida za kibiashara.